Jini Kwenye Foleni

Hadithi ilirudi mara ya kwanza kabla chai haijapoa.
"Asante kwa kututumia. Kwa sasa haitufai."
Kwa sasa hadi lini, ndugu mhariri?
Nikapuliza kikombe, nikanywa.

Mimi ni Nyevu wa duka la kopi, Malindi, nyuma ya soko:
kitambulisho shilingi kumi, pande mbili kumi na tano,
barua za mahakama, ratiba za matanga,
hati za shamba zenye majina matatu ya marehemu.
Usiku, mashine ikishapoa, namwandika jini
aliyechoka kuishi bila karatasi.
Ametoka pangoni alfajiri, akajipanga kwa chifu,
wa saba,
kwato kazificha ndani ya raba za mtumba.

Mhariri wa pili alijibu baada ya miezi mitano.
Alitaka uhalisia. "Wasomaji wetu hawaamini majini."
Nikamsomea bibi barua. Akacheka hadi akashika ubavu.
"Mwambie aje alale kwangu Mambrui usiku mmoja tu,
halafu aiandike upya."
Kwa bibi, jini si jambo la kubuni.
La kubuni ni chifu kufungua ofisi saa mbili.

Wa tatu alisema ni ndefu. Wa nne, fupi.
Wa tano hakusema kitu; kimya chake nacho
nikakiandika daftarini, na tarehe.
Wa sita, ah, wa sita!
Wa sita alikubali.
Niliruka nikagonga kichwa kwenye taa,
nikawanywesha soda jirani wote, kwa deni,
na Thoya wa mitungi ya gesi akaniita "mwandishi"
siku tatu mfululizo.
Jarida likafa mwezi mmoja kabla ya toleo langu.
Rambirambi walituma wao wenyewe.

Sitasema sikulia. Nililia,
kisha nikatoa kopi mia mbili za fomu za cheti cha kuzaliwa,
maana mteja alikuwa amesimama.

Mara moja, ndiyo, nimelipwa:
ile ya mnara wa roketi kule Ngomeni
ulioota matumbawe miguuni, ukaanza kuomba maji ya kunywa.
Shilingi elfu mbili mia nne zililia kwenye simu
saa nne usiku; nikadhani ni mtu ananidai.
Nikanunua wino, ule mweusi wa bei ghali.
Nani aliisoma, sijui mpaka leo.

Karatasi zilizoharibika humpa Mama Dzame
wa viazi karai, pale wanapoegesha bodaboda.
Rasimu za jini nazichapa mgongoni mwa fomu mbovu;
karatasi ni pesa.
Sikuwahi kufikiria zinakwenda wapi baada ya pilipili.

Hadi Alhamisi ile, kijana mmoja, vidole vinang'aa mafuta,
akasimama kaunta bila kitambulisho cha kutoa kopi.
"Dada, huyu jini amefika dirishani au hajafika?
Ukurasa wangu umekatika akiwa wa tatu,
na mwenye ukurasa mwingine kapeleka abiria Watamu."

Nikasema sijui. Na kweli sikujua:
mwisho nilishaubadilisha kumridhisha wa pili,
nikaurefusha kwa wa nne, nikaukata kwa wa tatu.

Akaikunjua karatasi, akaielekeza kwenye taa.
Mafuta yalikuwa yameigeuza kioo,
pande zote mbili zikasomeka pamoja:
nyuma, kinyumenyume, JINA LA MTOTO, MAHALI PA KUZALIWA, na vinukta vyake;
mbele, jini wangu,
katikati kabisa ya nafasi iliyoachwa wazi.

"Pitia kesho," nikamwambia. "Nitakuwa nimemsogeza."

Simu ikatetemeka. Mhariri wa saba:
Tumepokea. Tafadhali subiri siku tisini.
Nikailaza kifudifudi, nikawasha mashine.